Namna ya kuomba hifadhi ya ukimbizi ukiwa Arusha bila mji mzima kujua habari zako

Nina steshenari Kaloleni, hapa Arusha, mwaka wa kumi na sita sasa. Kopi shilingi 100, kuchapa ukurasa 1,000, picha za pasipoti nne kwa 3,000. Mimi si wakili wala mtumishi wa serikali. Ila barua nyingi za watu wanaoomba hifadhi zimechapwa na vidole hivi. Nimeona zilizofika na zilizokwama, na nimeona siri za watu zikivuja mahali ambapo mwenye siri hakuwahi hata kupafikiria. Sehemu moja ya kuvujia ilikuwa hapa hapa dukani kwangu, kwa hiyo naanza na aibu yangu.

Jioni moja nilikuwa stendi ndogo nasubiri daladala, nikanunua karanga za mia mbili. Kijana kanifungia kwenye karatasi aliyoikunja koni. Nimekula, nimekaribia kumaliza, nikaikunjua ile karatasi nione kama kuna zilizojificha chini. Nikakuta herufi za mashine yangu: YAH: MAOMBI YA HIFADHI. Chini yake nusu ya jina la mtu, wilaya aliyotoka, neno "walimuua", halafu karatasi imechanika. Ilikuwa kopi iliyotoka na wino hafifu. Nilikuwa nimeitupa kwenye boksi la karatasi mbovu, na boksi hilo kijana wa karanga alikuwa analipitia kila Ijumaa kwa sababu nilimwambia achukue tu, bure. Miaka mitatu nampa, najiona mwema. Karanga za siku ile zilikataa kushuka.

Tangu hapo kuna ndoo ya maji chini ya meza yangu. Karatasi iliyoharibika inaingia ndooni mwenyewe akiona, na hadi jioni imeshakuwa uji. Kwa hiyo la kwanza: ukienda steshenari yoyote, iwe Arusha, iwe Moshi pale karibu na stendi, ondoka na karatasi zako zote, nzima na mbovu. Umezilipia. Njoo na flashi yako mwenyewe, usitume maelezo yako kwenye WhatsApp ya duka. Simu ya duka wanaishika watu watatu, na mmoja wao ni mtoto wa shangazi yangu ambaye mdomo wake naujua. Akimaliza kuchapa, mwambie mchapaji afute faili, kisha afute na kwenye pipa la taka la kompyuta, wewe umesimama nyuma yake. Kama ulifungua barua pepe, ifunge kabla hujanyanyuka. Usione haya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa kila anayekusanya na kutunza habari za watu, hata sisi wa vibanda.

Sasa tuje kwenye hifadhi yenyewe.

Wengi hushuka kwenye basi la Namanga wakiwa wamesikia kwamba Arusha ni mji wa mahakama. Wanauliza njia ya "mahakama ya wakimbizi". Haipo. Ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo husikiliza mashauri dhidi ya nchi, tena kwa kawaida baada ya mtu kumaliza ngazi za mahakama za nchi husika. Kibali cha kuishi hata cha siku moja haitoi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, hayatoi pia. Ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa jengo la AICC, lile la mikutano ya kimataifa, ilifungwa mwishoni mwa 2015, na hata ilipokuwepo ilikuwa inahukumu watuhumiwa, haikuwa inapokea wakimbizi. Anayetoa hifadhi Tanzania ni Serikali, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inasaidia kwa mengi, lakini mwenye neno la mwisho ni Serikali. Kamati ya taifa hupitia maombi na kumshauri Waziri, na Waziri ndiye anayeamua.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Inamtaka mtu ajitokeze mara tu anapoingia nchini au ndani ya siku saba, kwa ofisa mwenye mamlaka, kwa afisa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani, ambaye Mahakama ya Mwanzo watakuelekeza kwake. Siku saba zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Siku ya kwanza umelala, ya pili unatafuta ndugu, ya tatu simu haina laini, mara Jumapili imefika. Kama umeingia bila pasipoti, hilo peke yake lisikufanye ujifiche. Sheria hiyo inakukinga usifungwe kwa sababu tu umeingia bila karatasi, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kifungu cha 31 unasema hivyo hivyo, ila kwa aliyejitokeza bila kuchelewa na akaeleza sababu. Siku saba zikikupita, nenda hata hivyo, na barua yako ieleze ulichelewa kwa nini: ulikuwa mgonjwa, ulidanganywa na dereva, ulikuwa na mtoto mchanga. Kuchelewa kunaelezeka. Kukutwa umejificha, maelezo yake ni magumu zaidi.

Kuna ushauri wa vijiweni ambao Warundi hupewa sana: "Sema wewe ni Muha wa Kasulu." Kweli, Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi vinasikilizana, na yupo aliyepita hivyo mwezi, miezi. Lakini kujifanya raia ni kosa la uhamiaji, na siku utakapotaka kusema ukweli, ule uongo wa kwanza utakuwa umekaa mezani kabla yako. Nimemchapia mtu barua ya kujieleza kwa nini alijiandikisha kwa jina la Kiha. Kurasa nne, na sijui kama zilitosha.

Na hapa niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisikia wakiwa wameshikilia kikombe changu cha chai. Kupewa hifadhi si kupewa ruhusa ya kuishi Arusha. Tanzania huwaweka wakimbizi kwenye maeneo yaliyotengwa. Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo, ndiyo wengi wanaijua. Kutoka hapa ni kilomita kama elfu moja. Ukikaa nje ya eneo lako bila kibali cha kutoka, unavunja sheria hata kama ukimbizi wako ni halali. Vibali vya ukaazi vya Daraja A, B na C, vile vya wawekezaji, waajiriwa, wanafunzi na wengineo, ni mlango mwingine wa Uhamiaji, una ada zake na masharti yake. Mtu akikwambia "nitakupatia Daraja B kwa sababu wewe ni mkimbizi", huyo ni kishoka, yaani dalali tapeli. Vishoka wa mji huu wanavaa vizuri, wanashika bahasha, wanakaa karibu na ofisi yoyote yenye foleni. Kuomba hifadhi ni bure, na huduma za UNHCR ni bure. Anayekutoza kwa hayo anakula pesa yako, na juu ya hapo ameshaijua siri yako.

Wakili wa kweli ana wajibu wa kisheria wa kutunza unachomwambia. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa naye anafanya kazi bila kukutoza, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri wakuonyeshe waliosajiliwa. Usiulizie kwa bodaboda.

Barua

Watu huja wamejaza daftari. Kila kitu, toka kuzaliwa. Wanataka nichape yote wapeleke kwa mtendaji. Nawakatalia, nikijua nakosa pesa. Barua ya kwanza inapita mikono mingi: anaipokea mhudumu, anaifungua karani wa masijala, inaingia kwenye jalada, jalada linabebwa na kijana wa ofisi ambaye hana hili wala lile. Hao wote hawahitaji kujua nani alifanya nini kwa mke wako. Wanahitaji kujua kuna mtu anaomba hifadhi na lini amejitokeza.

Kwa hiyo barua iwe nusu ukurasa. Jina lako kamili kama lilivyo kwenye karatasi yoyote uliyonayo, tarehe ya kuzaliwa, nchi, uliingia mpaka gani na tarehe gani, uko na nani (watoto wataje na umri wao), unalala mtaa gani kwa sasa. Kisha sentensi moja ya sababu, kwa maneno ya jumla: "Nimekimbia kwa kuhofia maisha yangu kutokana na msimamo wangu wa kisiasa", au dini, au kabila, au kundi la watu ninalohesabiwa nalo, au vita na machafuko katika eneo langu. Sheria yetu inatambua hayo yote, hadi vita na machafuko, kwa sababu imefuata pia mkataba wa wakimbizi wa 1969 wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Malizia hivi: "Naomba kutoa maelezo yangu kamili kwa siri, mbele ya ofisa anayehusika, nikiwa na mkalimani wa lugha ya..." Basi. Saini au dole gumba.

Bahasha iwe ya kaki, ifungwe kwa gundi, na juu iandikwe SIRI kwa herufi kubwa. Kwenye ofisi za serikali neno hilo lina uzito wake: karani hafungui ovyo, anampelekea mkubwa. Toa nakala mbili, na hii usiisahau: moja ibaki kwako ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa, una tarehe. Wakikwambia "acha tu hapo, tutakuita", omba mhuri kwa upole. "Samahani mama, naomba unigongee na hii ya kwangu." Rudia hata mara tatu. Tarehe ya mhuri ule ndiyo ushahidi wako wa siku saba. Nimeona mtu ameokolewa na mhuri uliogongwa kichwa chini.

Lugha

Hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu wengi wanaonijia wanasema, "Mimi Kiswahili najua, sihitaji mkalimani."

Alikuja kaka mmoja kutoka Kongo. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asijulikane, msijisumbue kumtafuta. Alikuwa anasema, mimi nachapa. Akasema: "Nilitumika kwa basoda miaka mbili." Nikachapa bila kufikiri: "Nilitumikia jeshi miaka miwili." Akaendelea na mambo ya masufuria na kuni. Nikasimamisha mkono. Nikamuuliza, jeshini ulikuwa unapika? Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga: ndiyo, nimekwambia nilitumika, nilikuwa napika, walikuwa wananilipa franga kidogo. Kwao kutumika ni kufanya kazi. Kwetu, alichosema kilisomeka kama alikuwa askari. Na mtu aliyebeba silaha hahesabiwi mkimbizi kama raia wa kawaida, anaulizwa maswali mengine kabisa. Neno moja, na mpishi angeingia kwenye jalada kama mpiganaji.

Kwa hiyo omba mkalimani wa lugha unayootea ndoto, hata kama hapa mjini, soko la Kilombero, unapatana bei vizuri. Na mkalimani huyo asiwe ndugu, asiwe jirani, na asiwe mtoto wako. Nimeona mama anamleta binti wa miaka kumi na mbili amtafsirie. Matokeo yake mama anaruka yale ambayo hawezi kuyatamka mbele ya mtoto, na hayo ndiyo yaliyomkimbiza. Kama mkalimani aliyeletwa ni wa upande unaouogopa, au lafudhi yake inakufunga mdomo, sema kabla hamjaanza: "Naomba nibadilishiwe mkalimani." Huna haja ya kumtukana wala kueleza historia ya nchi yenu. Unaweza pia kuomba ofisa na mkalimani wa kike, au wa kiume. Mume na mke ombeni kila mmoja asikilizwe peke yake, hata kama mnapendana. Yako mambo ambayo mwanamke hajamwambia mumewe, na chumba kile si mahali pa kuambiana kwa mara ya kwanza.

Mkalimani wa kweli anasema "mimi" pale unaposema "mimi". Akianza "anasema eti yeye alipigwa", ukasikia na kicheko ndani yake, simamisha.

Siku ya kusikilizwa

Hapo sasa ndipo unafungua daftari. Kule kubana maneno nilikokushauri kulikuwa kwa barua na kwa mtaani. Mbele ya ofisa anayesikiliza shauri, ukificha umejikata mguu. Usiseme "walitutesa" ukaacha hapo. Nani, wapi, ilikuwa saa za mchana au usiku, walivaa nini, ulikimbilia nyumba ya nani. Tarehe usiyoikumbuka usiibuni. Sema "ilikuwa wakati wa kuvuna maharage". Warundi wajue kwamba tangu Januari 2017 kupokelewa kwa jumla kulisitishwa na kila mmoja husikilizwa kwa habari yake, kwa hiyo "hali ni mbaya nchini" haitoshi, ieleze hali yako wewe.

Kanuni ya kazi hii ni kwamba nchi uliyoikimbia haiambiwi kuwa umeomba hifadhi. Uliza waziwazi: maelezo haya nani atayasoma, yatakaa wapi? Ni swali la haki na halimuudhi ofisa anayejua kazi yake. Kabla ya kusaini, usomewe chote, kwa lugha yako. Na wewe upande wako usiharibu: usiende ubalozini kwenu kuhuisha pasipoti. Mkataba wa 1951 unasema anayejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi, na zaidi ya hapo, umewapelekea mwenyewe habari kwamba uko Arusha.

Mtaani

Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi watataka kujua nani analala kwenye eneo lao. Waambie jina, nchi, na kwamba shauri lako limefika ofisi fulani, waonyeshe nakala yenye mhuri. Wakichimba: "Mzee, mengine yako ofisini, nimeambiwa nisiyazungumze." Mzee wa mtaa wa Kitanzania akisikia "ofisini" anatulia. Mwenye nyumba anahitaji jina na kodi. Mama wa saluni hahitaji kitu, ingawa ndiye atakayeuliza zaidi ya wote, tena huku ameshika kichwa chako.

Gesti watakupa kile kitabu kirefu chenye safu za jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Andika ukweli, jina lile lile la kwenye barua, kwa sababu kitabu hicho polisi hukipitia. Kwa bahati hakina safu ya sababu.

Na wewe mwenyeji uliyempokea mgeni wako Ngarenaro au Majengo ya Moshi, ukarimu ni mzuri, lakini kumficha mtu asiye na karatasi kunaweza kukuweka matatani wewe. Mpeleke kwa mtendaji ndani ya zile siku saba, usimsubirishe hadi "apumzike kwanza".

Simu nitasema kwa kifupi. Ondoa picha ya profaili uliyopigwa mbele ya Mnara wa Saa wa hapa Arusha. Kundi la WhatsApp la watu wa kwenu lina watu mia mbili, na wewe unawajua kumi.

Majibu yakija ya kukataliwa, yapeleke kwa wakili au msaidizi wa kisheria siku hiyo hiyo, pamoja na bahasha iliyoyaleta. Muda wa kuomba mapitio huwa mfupi.

Na ukipewa karatasi ya kuonyesha kwamba shauri lako limepokelewa, au kibali chochote, utakuja kwangu mbio unataka laminesheni isilowe. Nakukatalia tena. Karatasi hizo hugongwa mihuri mipya na kuongezewa tarehe, na plastiki haikubali wino. Nilimlaminishia mtu mmoja zamani, akarudishwa nayo dirishani, na kuibandua tuliipasua katikati ya jina. Tunatoa kopi mbili za rangi, moja tunailaminisha utembee nayo, nyingine unamwachia mtu unayemwamini nje ya nyumba unayolala. Ile halisi inakaa kwenye kile kimfuko cha plastiki cha kuwekea karatasi, shilingi 500, haikunjwi, na haitoki ndani ila siku unakwenda ofisini.